Mahali Kando ya Jiko

Amsterdam, 4 Septemba 1671

Baba,

Shikamoo. Najua barua hii utaishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya mfu, lakini ukiifungua tu nitashukuru. Miaka imekuwa mingi. Nimechoka kununiwa na mtu aliye mbali namna hii. Ungekuwa karibu angalau ningekuona ukininunia.

Nina habari. Mzee Teunis, mwenye mtambo wa kuchapa niliyekuwa namfanyia kazi ya kupanga herufi, amenifanya mshirika wake. Gazeti letu sasa linatoka kila Jumamosi, na jina langu lipo chini ya ukurasa wa mwisho. Ni dogo, lakini lipo: Lieven Brandaen. Barua zinaingia kutoka Venisi, Vienna, Köln na London. Mimi nazisoma, nazipunguza, nazipanga kwa herufi za madini ya risasi, na watu wanazinunua kabla wino haujakauka. Kazi yangu ni kukaa katikati ya dunia na kuisikiliza inavyosengenya, halafu nalipwa.

Nakumbuka ulichosema siku ninaondoka. Ulisema duniani kuna kuranti moja tu, nayo ni dansi, inachezwa kwa miguu, kwa adabu, mbele ya Bibi Mtawala. Na haya makaratasi ambayo watu wa huku wameyaita kuranti, eti kwa sababu habari zake zinakimbia kama wachezaji, wewe utayaita makaratasi ya wambea mpaka unaingia kaburini. Mimi nikacheka, ukanirushia upinde wa fidla. Baba, ulinifundisha kuranti moja nikakimbilia nyingine, basi. Sikukuasi. Miguu nimerithi kwako, masikio kwa mama, na masikio yakashinda.

Ile ya kwanza sijaisahau. Kuna siku nasubiri karatasi zikauke, najikuta nimeinuka kwenye vidole, nashuka taratibu, natelezesha mguu, na mzee Teunis anauliza kama tumbo limenibana. Nakumbuka pia mahali pangu ukumbini, kando ya lile jiko kubwa la vigae la kupasha ukumbi joto, nikingoja umalize zamu yako uje uniinamie ili nianze yangu, huku makalio yakiungua. Sidhani kama kuna mtoto mwingine Wesselrode aliyengoja heshima kwa mateso kama mimi.

Niandikie. Hata matusi nitayapokea.

Mwanao,
Lieven


Wesselrode, 22 Septemba 1671

Lieven,

Barua imefika.

Mwandiko huu ni wa Dymphna, binti wa marehemu shangazi yako, anayenitunzia nyumba tangu Pasaka. Kidole changu gumba kimevimba na sishiki kalamu. Usianze kuuliza maswali. Ni kidole tu.

Unajisifu kwamba jina lako limeandikwa chini ya karatasi. Jina la babu yako halikuandikwa popote, na alipoingia ukumbini watu walisimama.

Mambo ya hapa ni haya. Bibi Mtawala amemleta Mfaransa. Anaitwa Monsieur Fauvel, amevaa viatu vya visigino vyekundu na anatembea kama kuku aliyekanyaga makaa. Anafundisha minueti. Hatua fupifupi, haraka haraka, mtu anajifunza kwa wiki moja na wiki ya pili anajiona mwalimu. Kuranti inakula nusu ya ujana wa mtu, kwa hiyo wanasema ni ya wazee. Vijana wote wa kasri wamehamia kwake. Hata mtoto wa mtunza farasi, ambaye nilimfundisha kusimama wima, namsikia akirukaruka barazani.

Bibi Mtawala ameniita akaniambia kwa upole mwingi, na upole wake siupendi. Amesema siku yake ya kuzaliwa, sikukuu ya Mtakatifu Katarina mwishoni mwa Novemba, karamu itafunguliwa kwa kuranti kwa mara ya mwisho. Kisha Mfaransa atachukua ukumbi na mimi nitabaki na chumba changu na kuni za bure. Nilikuwa mwalimu hapa kabla hujazaliwa. Sitaki kuni.

Sasa sikiliza, maana sitarudia. Kilichoko kwako huko, kwangu huku hakipo tena. Nataka kuranti. Niletee kabla ya Mtakatifu Katarina. Usiniulize kwa nini, na usifurahi.

Gillis Brandaen,
mwalimu wa dansi wa kasri la Wesselrode


Amsterdam, 6 Oktoba 1671

Baba yangu,

Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mkunjo. Nimemsomea mzee Teunis, nimemsomea mke wake, nimemsomea muuza heringi wa hapa chini ambaye hata hakujui. "Nataka kuranti." Umeliita gazeti langu kwa jina lake. Wewe, uliyeapa hutaliita hivyo mpaka kaburini, umeliita kwa maandishi, tena kwa mwandiko mzuri wa Dymphna. Umenikataza kufurahi na mimi nimetii. Nilikaa tu nyuma ya mtambo nikalia, na mzee Teunis akajifanya anatafuta chupa ya wino.

Hutangoja mpaka Mtakatifu Katarina. Pamoja na barua hii nakutumia matoleo yote ya mwezi uliopita, na kuanzia sasa kila Jumamosi nitampa la kwako nahodha wa tishali la Rhine, kabla hata la meya wa hapa. Anza na Venisi, huwa ndiyo tamu. Vienna iendee polepole, wale wanaandika kama watu wanaotembea kwenye tope. Köln ni barua za jamaa mmoja mwenye mdomo mchafu, utampenda.

Pole kwa habari za huyo Fauvel. Lakini usiumie sana, Baba. Dansi nazo ni kama habari, inakuja moja nyingine inaondoka, na hakuna aliyekufa. Umefanya kazi vya kutosha. Sasa utakaa karibu na dirisha, miguu juu ya kigoda, na utakuwa na wakati wa kusoma.

Nimefurahi kidogo. Samahani.

Lieven


Wesselrode, 20 Oktoba 1671

Lieven,

Makaratasi yamefika. Nimeelewa ulivyoelewa. Sina la kuongeza.

Dymphna amenisomea, kwa sababu herufi zako ni ndogo kama mchwa na mimi nina shughuli. Nitasema kama mwalimu. Ile ya Venisi inaingia vizuri, inasimama pake, inatoka. Ile ya Vienna imeingia wakati mwenzake hajatoka, wakakanyagana. London anapiga kelele tangu mlangoni. Na hakuna hata moja inayoinama mwishoni. Mtu akimaliza zamu yake anamwendea anayefuata, anamwinamia, anamkabidhi ukumbi. Bila hivyo dansi haijaisha, imekatika tu. Hili nilikufundisha kabla hujajua kufunga viatu.

Mengine si mabaya. Endelea kuleta.

Gillis Brandaen


Kaka Lieven, haya nayaandika chini hapa Mjomba akiwa amekwenda barazani. Mimi naandika ninachoambiwa, na nimeapishwa nisiandike kingine. Lakini neno hili halimo kwenye kiapo: njoo. Makaratasi hayatoshi. Njoo mwenyewe kabla ya Mtakatifu Katarina.
D.


Amsterdam, 3 Novemba 1671

Dada Dymphna,

Habari za huko? Tulipoonana mara ya mwisho ulikuwa umepanda juu ya ukuta wa monasteri unaiba mapea, na leo unaniandikia kama mama mkuu wa masista. Nimecheka, lakini nimekusikia.

Siwezi kuja. Huku kila mtu anasema Wafaransa watatuvamia mwakani, na watu wanaligombea gazeti kama mkate. Jumamosi moja tukikosa kutoka, wanahamia kwa jirani na hawarudi. Mzee Teunis macho yake yamechoka, hawezi kupanga herufi peke yake. Unajua kijana akipewa ushirika anavyotazamwa.

Halafu, dada, wewe humjui Baba kama mimi. Angekuwa ananitaka mimi angesema. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona mzee yule akishindwa kusema anachotaka. Alitaka gazeti, akasema. Amesema niendelee kuleta, naleta. Nikija bila kuitwa ataniuliza nani amenituma, nitakutaja wewe, na wote wawili tutarushiwa upinde wa fidla.

Nitakuja Pasaka. Nitamletea magazeti ya mwaka mzima yamefungwa kwa ngozi ya ndama, na jina lake kwa dhahabu mgongoni. Msomee vizuri mpaka hapo. Na kile kidole gumba, mpake mafuta ya bata.

Lieven


Amsterdam, 12 Desemba 1671

Baba,

Shikamoo. Mtakatifu Katarina imepita na hujaniambia neno. Ilikwendaje? Nani alifungua? Nilikuwa nakuwaza siku ile, nikamwambia mzee Teunis, leo baba yangu anawaonyesha watu. Lakini najua hupendi kusimulia ya kwako, kwa hiyo nakuletea ya wenzako.

La wiki hii usimwache Dymphna aanze na Venisi. Nenda moja kwa moja Köln. Yule jamaa yangu wa mdomo mchafu ameleta kitu kuhusu kazi yako, na nikakipanga kwa mkono wangu nikicheka peke yangu. Nakunakilia hapa usije ukapoteza karatasi:

"Kutoka Köln, tarehe 3 Desemba. Wanaandika kutoka mtoni kwamba katika kasri moja dogo, karamu ilifunguliwa na mwalimu wa dansi mzee sana, aliyecheza kuranti ya kizamani na msichana mmoja. Alipomaliza aliuachia mkono wa msichana, akatembea peke yake mpaka kwenye jiko la vigae, akavua kofia, akaliinamia mpaka chini kwa heshima kubwa. Hapo ndipo ilipojulikana kuwa ni kipofu. Jiko halikuitikia salamu."

Sentensi ya mwisho ni yangu. Ilibaki nafasi ya mstari mmoja chini ya ukurasa nikaijaza. Mzee Teunis alicheka mpaka akapaliwa, na leo sokoni nimesikia watu wanairudia. Nimekuwa maarufu kwa mstari mmoja, Baba.

Najua utakasirika. Utasema hivyo ndivyo walivyofikia hao wenye vikasri vya mtoni, wanamsimamisha kipofu ukumbini. Wamejaa kando ya Rhine kama vinu vya unga, na kila mmoja ana mwalimu wake wa dansi aliyezeeka. Mshukuru Mungu Wesselrode wamekupa kuni tu.

Mwanao,
Lieven


Wesselrode, 28 Desemba 1671

Lieven,

Leo naandika kwa kichwa changu. Kiapo nimekivunja, na sijali.

Mwalimu huyo ni baba yako. Msichana ni mimi.

Macho yake yalianza kufifia mwaka juzi, na majira ya kuchipua mwaka huu yakazima kabisa. Ndiyo sababu niliitwa kuja kumtunzia nyumba. Kidole gumba hakijawahi kuvimba. Hapa ndani tulijua mimi na daktari tu. Kasri zima lilidhani amekuwa na maringo ya uzeeni, kwa sababu alikuwa anatembea polepole ameinua kidevu. Amefundisha ndani ya kuta zile maisha yake yote, hapapasi kitu. Alinikataza kukuambia. Alisema, "Mtoto haitwi nyumbani kuja kumshika kipofu mkono. Akija, aje kwa sababu ya dansi."

Alikuita kwa sababu ya dansi. "Nataka kuranti" maana yake ilikuwa wewe. Ndani ya nyumba hii neno hilo halijawahi kuwa na maana nyingine, na hakuwaza hata kidogo kwamba kwako linayo. Baada ya kunisomesha barua ile kabla ya kuifunga, alinituma kwa fundi viatu na kipimo chako cha zamani, tukaongeza kidogo mbele kwa kukisia. Viatu vikaja, vyeusi, vyenye utepe. Akaviweka dirishani. Tishali lilipofika nikaenda kukupokea gatini. Nahodha akanipa furushi la karatasi.

Nilipomwambia ni magazeti, aliyapokea akayapima uzito mkononi. Nikamwambia, "Mjomba, amekosea kuelewa, niandike tena, nimweleze." Akasema, "Ukimweleza mtu aje, hajaja. Ameletwa." Nikabishana naye, nikamwambia hayo ni majivuno ya kijinga na atayajutia. Akasema, "Najua. Soma Venisi."

Basi kila wiki nilisoma Venisi. Nilisoma yote. Alikuwa akikaa na viatu vyako mapajani, anavisugua kwa kitambaa, anasikiliza. Ukianza habari mpya alikuwa anatikisa kichwa kidogo kama anapokea mtu mlangoni. Mara moja aliniambia, "Huyu angekuwa mchezaji mzuri sana. Anajua kunyamaza mahali pake." Hakuniruhusu nikuandikie hilo. Nakuandikia sasa.

Mtakatifu Katarina ilipofika na wewe hukuja, tulicheza sisi. Alikuwa amenifundisha wiki zote zile jikoni, meza tumeisukuma ukutani. Unajua kuranti mnashikana mikono, kwa hiyo hakuna aliyeona kitu. Mimi nilidhani nitamwongoza. Hapana, yeye ndiye aliyeniongoza mimi. Nilikosea kwenye kugeuka akanirudisha kwa kidole kimoja. Wale vijana wa minueti walisahau kutafuna. Bibi Mtawala alikuwa ameweka upepeo wake mapajani, na machozi yanamtoka. Kama tungetoka pale pale tungetoka kama wafalme.

Lakini ilibaki ile heshima ya mwisho, ya kumkabidhi anayefuata. Nilimnong'oneza, "Mjomba, iache, hakuna anayefuata." Akasema, "Sijamaliza." Akaniachia mkono, akaenda peke yake. Nilimwona anakwenda sawa kabisa, kisha sijui kama ni joto la jiko au ni uchovu, kidogo akapinda. Akavua kofia. Akainama mpaka nywele zikagusa goti. Akakaa hivyo anangoja kujibiwa.

Monsieur Fauvel alisema kwa sauti, "Mwalimu, hilo ni jiko." Mmoja akacheka, na wakacheka wote. Bibi Mtawala alificha uso nyuma ya upepeo na mabega yakawa yanamtikisika. Nilikwenda nikamshika mkono nikamtoa nje, na hapo kila mtu akajua.

Gazeti lako limefika juzi. Nililiona kwanza mimi nikataka kuliruka. Nikasoma Venisi, nikasoma Vienna, nikaenda London. Akasema, "Umeiruka Köln. Köln huandika kila wiki." Nikasema hawakuandika. Akasema, "Dymphna, mimi ni kipofu, siyo mjinga." Nikasoma.

Akasema, "Rudia ile ya mwisho." Nikairudia. Halafu akasema, "Hiyo hakuandika mtu wa Köln. Hiyo ni ya Lieven. Namjua anavyomaliza."

Hakula. Tangu siku hiyo ana homa, na kifua kinakoroma. Sikuandikii ili ulie. Lia ukitaka. Njoo.

Dymphna


Amsterdam, 9 Januari 1672

Dymphna, msomee hii, tafadhali, msomee polepole.

Baba,

Nimeanza barua hii mara tatu nikaichana.

Utoto wangu wote nilisimama kando ya jiko lile. Nakijua kile kigae kilichopasuka chenye picha ya sungura. Halafu jiko hilo likaja mkononi mwangu, neno kwa neno, herufi kwa herufi, nikalipanga kwa risasi na sikulitambua. Sikukutambua wewe. Nilisoma mzee, nikasoma kuranti, nikasoma jiko, na nikaona ni nafasi ya kutia mzaha. Nimejitazama kwenye kioo cha mzee Teunis leo asubuhi nikatamani kumpiga yule mtu.

Uliniita kwa neno ulilonilea nalo, na mimi nikadhani umeshindwa, nikashangilia ushindi. Niliwaza ninalotaka kusikia. Ulisema nisifurahi. Nilipaswa kusimama hapo nikajiuliza.

Mto umeganda, matishali hayatembei. Nimepata nafasi kwenye sleji ya posta, gari la kuteleza juu ya barafu, na barua hii inaitangulia kwa mpanda farasi. Naondoka kesho. Njia ni mbaya, huenda ikachukua wiki nzima kufika Arnhem; nitalala huko, kwenye nyumba ya wageni ya posta, na kutoka hapo nitatembea kwa miguu ikibidi. Jumamosi gazeti halitatoka, na mzee Teunis amesema niende zangu kabla hajanifukuza.

Usinisamehe bado. Ningoje nifike. Vile viatu viache dirishani, hata kama ni vidogo nitavivaa. Nitasimama pale pale na wewe utakuja kwangu, hata kama ni chumbani, hata kama ni hatua mbili kutoka kitandani, na mimi nitaitikia.

Mwanao,
Lieven


Kwa Lieven Brandaen, apewe atakapofika nyumba ya wageni ya posta, Arnhem.

Wesselrode, 14 Januari 1672

Kaka Lieven,

Ninaipeleka barua hii Arnhem ili ikukute njiani. Sitaki ufike mlangoni unahema, unauliza yuko wapi, na mimi nikujibu kwa uso.

Mjomba amefariki. Ilikuwa Jumapili asubuhi, kengele za misa zikiwa zinalia. Hakuteseka mwishoni. Alikuwa anapiga vidole juu ya blanketi, nami niliutambua mwendo.

Barua yako imefika leo. Hakuisikia. Nilikwenda nayo chumbani hata hivyo, maana bado hatujamzika, ardhi imekuwa ngumu na wachimbaji wanawasha moto juu yake ilainike. Nilimsomea polepole kama ulivyosema. Niliposoma kuhusu kile kigae cha sungura nilishindwa kuendelea, nikapumzika, nikamalizia. Utamkuta. Tumekungoja.

Bibi Mtawala alituma shada la maua ya karatasi na kuni. Kuni nimezirudisha.

Ndani ya hii kuna barua yake. Alinisomesha mara mbili kuhakikisha sikuongeza kitu. Alisema niitume kwa posta ya kawaida, "kama barua zake za Köln, aikute mezani Jumatatu." Sahihi chini ni mkono wake mwenyewe, ndiyo maana imekwenda upande. Neno lililo juu ya sahihi pia ni lake. Nilitaka kumwandikia akanipokonya kalamu.

Viatu viko dirishani.

Dymphna


Wesselrode, 7 Januari 1672

Lieven,

Katika makaratasi yako ya Desemba, chini ya Köln, kuna makosa. Yasahihishe.

Imeandikwa kwamba mwalimu ni mzee sana. Hilo liache.

Imeandikwa kwamba alicheza na msichana mmoja. Ana jina. Ni Dymphna, binti wa shangazi yako. Alikosea mara moja kwenye kugeuka na hakuna aliyeona isipokuwa mimi.

Imeandikwa kwamba ilijulikana kuwa ni kipofu. Ni kweli. Ningependa wewe ujue kwa njia nyingine, na kosa hilo ni langu, usilichape.

Sentensi ya mwisho nimeifikiria sana, sina kazi nyingine hapa kitandani. Imekaa vizuri. Inaingia, inasimama, inatoka. Hata mimi ningecheka. Lakini si ya kweli, kwa sababu iliyo kabla yake si ya kweli. Mimi sikuinamia jiko. Jiko liko kulia, nalijua kwa joto lake, nimelizunguka maisha yangu yote. Niliinama kushoto kwake, hatua moja, pale unaposimama wewe.

Niliinama vizuri. Dymphna ni shahidi.

Ukumbi ni wako.

Baba
Gillis